Mkoba wangu wa kujifungulia ulijaa, ila kilima kizima hakikuwa na wa kunibeba

Wakuu wa jukwaa, hamjambo. Wakubwa shikamooni, wadogo nipeni yangu niendelee.

Nimesoma uzi wa kijana mmoja humu aliyeuliza mke wake mjamzito anunuliwe nini. Nimesoma majibu mpaka ukurasa wa mwisho, kisha nikarudi nikasoma tena, maana mimi kitu nikikihesabu mara moja sikiamini.

Pampasi. Beseni la mtoto. Kofia ya mtoto. Soksi za mtoto. Kigari cha kusukuma, kwa barabara zetu hizi hizi.

Mtoto mwenyewe hajafika na tayari ana mali. Mama yake, ambaye ndiye yupo, kaambiwa anywe maji mengi.

Basi niwape yangu. Yalinikuta mimi, na wengi walioyaona bado wanatembea. Kijiji sikitaji kwa sababu wajukuu zao siku hizi wana bando. Waliokuja kunywa chai mtanisamehe, leo hakuna.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi, Ngara.

Waliokuwepo hawahitaji maelezo. Kwa ambao hamkuwepo: watu walivuka mpaka kwa wingi ambao sijauona tena maishani. Makambi yakaota kwenye vilima vilivyokuwa malisho, na nyuma yake yakaja magari ya mashirika, malori ya chakula, na kazi. Sokoni ghafla kukawa na mahindi ya njano, mafuta ya makopo, mablanketi ya kijivu na maturubai.

Mimi kwetu ni Runazi, Biharamulo. Nimekulia kwenye mihogo na maharage, nikatoka hapo nikaenda kuuza dagaa na chumvi Nyakanazi, pale njia panda. Madereva waliniita Haipungui, kwa sababu bei yangu haikushuka. Walinipa jina hilo kwa hasira, mimi nikalichukua kama cheti.

Hapo Nyakanazi ndipo aliponiona Deo, utingo wa malori, Mhangaza wa Ngara. Akanioa, akanipeleka kilimani kwa mama yake, Mama Sesilia, mjane. Yeye akarudi barabarani.

Mimba yangu ya kwanza iliisha vibaya. Uchungu ulinishika nikiwa kwetu Runazi, nilikokwenda kuzalia, tukangoja, tukangoja tena. Nilipofikishwa hospitali nikapasuliwa, na mtoto hakuwa hai. Sitaandika zaidi ya hapo.

Kabla sijaruhusiwa, nesi mmoja mtu mzima alinikalisha kitandani akaniambia: ukishika mimba nyingine, kuzalia nyumbani sahau. Na uchungu ukianza usikae kuusikilizia, kovu hilo linaweza kuachia.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipoingia, kichwani nilikuwa na jambo moja tu. Kufika hospitali mapema, mimi na mtoto wote tukiwa hai.

Nikaingia kazini kama mchuuzi.

Dagaa wangu wakageuka blanketi. Chumvi ikageuka kipande cha turubai safi cha kulalia wakati wa kujifungua. Nikapata sabuni, wembe mpya, glovu, pamba, uzi, kanga tatu kuukuu laini za kuchafua na moja mpya ya kurudi nayo nyumbani, maana mimi nilipanga kurudi. Nikapata ndara za mpira, kwa sababu miguu ilivimba viatu vikagoma. Chandarua nilikipigania sokoni Nyakahura mpaka mwenye nacho akaniuliza kama nina ugomvi na ukoo wao.

Kliniki sikukosa. Nilipewa vile vidonge vya kuongeza damu, vinavyogeuza choo kikawa cheusi mpaka utoke unajitafuta ugonjwa. Nilivimeza vyote. Nilikula maharage, dagaa, mboga za majani, na maini kila ng'ombe alipochinjwa.

Mayai ndiyo yaliyotugombanisha na mama mkwe. Kwao mjamzito hali mayai. Nikamwuliza, na kuku je? Akasema kuku ruksa. Nikasema mama, kuku ni yai lililochelewa kuliwa. Akasema, "Mwanangu, wewe ungeuza hata mlango ukiwa ndani." Lakini kuanzia wiki ile nikawa naona mayai ya kuchemsha yamefunikwa kwenye kibakuli, na hakuna aliyejua yametoka wapi.

Mpango ulikuwa hivi: mwezi wa mwisho ukianza, Deo anipitie na lori, anipeleke kwa binamu yake anayekaa karibu na hospitali, nisubirie huko. Nikafunga mkoba nikaridhika. Nikaufungua nikahesabu tena. Kila kitu kipo.

Mama mkwe akauangalia ule mkoba akaniuliza, "Na huu utateremka mlima wenyewe?"

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni.

Kilima chetu kilikuwa mbali na lami. Kutoka nyumbani ni njia ya miguu, mteremko mkali kwenye migomba, halafu bonde lenye matete na matope, halafu unapanda ndipo uone barabara. Gari halifiki. Mwenye kovu humpandishi baiskeli kwenye mteremko ule. Na mtoto hafuati kalenda ya lori.

Watu wa kule wana ingobyi. Ni kitanda cha kusukwa, kirefu kama mtu, kina miti miwili, na kinabebwa mabegani. Wagonjwa wanakwenda nacho hospitali, wenye uchungu wa kuzaa wanakwenda nacho, marehemu anarudi nacho. Kila nyumba inatoa mwanamume wa kubeba, wanapokezana njiani. Nyumba isiyobeba haibebwi. Hakuna rufaa.

Nyumba yetu ilikuwa haijabeba tangu Deo aanze utingo. Tulishatolewa siku nyingi, mimi nikiwa nahesabu pamba.

Nikaenda kwa Mzee Bonifasi, mkubwa wa ingobyi. Nilimkuta uani anachambua maharage.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja na mguu wa kununua au wa kuuza?"

Nikamwambia nimekuja kuomba. Akamwita mke wake atoke nje ashuhudie.

Nikajieleza. Nikaweka blanketi jipya kabisa mbele yake. Hakuligusa. Akasema Deo aliitwa walipombeba mgonjwa, hakuja, akaitwa walipombeba marehemu, hakuja. Kisha akasema, "Mke wa Deo, ingobyi inakwenda kwa mabega. Hilo blanketi lako bega lake liko wapi?"

Wakuu, nimefanya biashara na madereva wa nchi nne. Lakini bega halikuwa kwenye mzigo wangu. Nikakunja blanketi langu nikaondoka.

Lakini njiani nikaanza kuona kitu.

Nilipita nyumba baada ya nyumba nikisalimia. Baba fulani yupo? Yuko kambini, ni mlinzi. Baba fulani? Kambini, anachimba vyoo. Huyu? Anapakua magunia. Yule? Kaondoka na gari la maji. Nikazunguka kilima chote, na kesho yake nikazunguka tena kwa njia nyingine ili nisijidanganye.

Nikarudi kwa Mzee Bonifasi.

"Mzee, nimehesabu wabebaji wako."

"Sasa umeanza kuhesabu na watu wa watu?"

"Mara mbili. Siku ya kazi, kilima hiki kina wanaume watano wanaoweza kuinua mti, na mmoja ni wewe, na goti lako tunalijua."

Akaendelea kuchambua maharage.

Nikamwambia: Jumapili ingobyi ipo. Jumatatu mpaka Jumamosi haipo, kinachoning'inia kwenye paa lako ni kikapu kirefu. Mimi umeninyima, sawa. Lakini kuna wajawazito wengine wawili kilimani hapa ambao waume zao hawajakosa kubeba hata siku moja. Siku yao ikiangukia Jumanne, utawapa nini?

"Mzee," nikasema, "mimi nauza vitu vingi, lakini sijawahi kuuza kitu nisichokuwa nacho."

Maharage yakasimama.

Hakukasirika. Hilo namheshimu nalo mpaka leo. Akauliza, "Unataka nikufinyangie wanaume?"

"Nataka wanawake."

Ndani ya nyumba mke wake akacheka, akajifanya anakohoa.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Kule mwanamke hakuwa anagusa miti ya ingobyi. Ilisemwa kwamba mke akiweka bega chini ya mti ule, ambao ndio umembebea marehemu, anamwita mumewe afuate. Mwanamke angetembea nyuma, ameshika mkoba na kibuyu cha maji. Mzee Bonifasi akasema yeye hawezi kuamua peke yake jambo kama hilo. Jumapili baada ya misa lisemwe mbele ya watu.

Likasemwa, nje ya kigango. Wanaume wote walikuwepo, maana ni Jumapili, na wote wakaona halina haraka. Mmoja akasema wanawake wakianza kubeba ingobyi, kesho wataomba na suruali. Watu wakacheka. Mwingine akasema huyu mke wa Deo katuletea mambo ya Nyakanazi. Wake zao walikuwa wanatazama chini. Nani asimame mbele ya kanisa aseme yuko tayari kumwua mume wake?

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hoja nyingi. Sikupata nafasi.

Mama mkwe wangu alisimama. Mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, asiyependa kusema mbele za watu. Akafunga kanga kiunoni, akauliza kama anauliza njia:

"Mimi wangu nilishamzika. Nikibeba, atakufa nani?"

 

Halafu mjane mwingine akasimama. Akafuata mwingine. Kilima kilikuwa na wajane wa kutosha. Hakuna aliyewahi kuwahesabu kama nguvu. Hata mimi, mwenye kuhesabu kila kitu, nilikuwa nimewapita.

Mzee Bonifasi akapangusa uso. Akasema ingobyi ataitoa, ila wakiivunja wataisuka wenyewe. Nikadakia hapo hapo kwamba mimi natoa turubai la kuifunika mvua. Nilishindwa kujizuia, biashara ni ugonjwa.

Mpaka jioni tulishapewa jina kwenye vilabu vya pombe ya ndizi: Jeshi la Wajane.

Jeshi likaanza mazoezi. Walilaza gunia la mahindi ya njano kwenye ingobyi, wakateremka nalo. Siku ya kwanza gunia lilifika kabla yao. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe na tumbo langu, najiona niko ndani ya lile gunia.

Aliyewanyoosha ni Yozefina. Alikuwa mkimbizi, mjane naye, aliyekuwa akija kulima kwa mama mkwe kwa malipo ya ndizi na maharage. Lugha yake na Kihangaza zinasikilizana. Aliwatazama wakiyumba, akatua jembe, akawaonyesha: kunja kanga ufanye kata, weka begani, warefu mbele wakati wa kushuka, wafupi mbele wakati wa kupanda, wote wapige hatua kwa mguu uleule, na anayechoka aseme kabla hajachoka kabisa. Tukamwuliza kajifunzia wapi. Akasema, "Njiani."

Deo alipopita nyumbani nikamweleza yote, na kwamba nikishapona nitabeba na mimi, niwalipe mabega kwa mabega. Nikamwuliza kama anaogopa. Akasema yeye kila siku analala chini ya lori la mafuta pale Nyakanazi, kama kifo kinamtaka anuani kinayo.

Basi. Mtoto hakungoja mwezi wa mwisho.

Ilikuwa asubuhi, siku ya gulio, mvua imenyesha usiku kucha. Nilikuwa nimeinama kuchukua kuni nikasikia maumivu ya chini, yakaondoka, yakarudi. Maneno ya nesi yakanijia yote pamoja. Nikamwita mama mkwe. Alichukua debe tupu na mchi, akatoka nje akalipiga.

Wakaja. Wengine na majembe, mmoja ana unga mikononi. Nikalazwa, nikafunikwa turubai, mkoba ukawekwa miguuni pangu. Nikahesabu vichwa. Nikahesabu tena. Yozefina akaniambia, "Acha kuhesabu, pumua."

Mteremko tulishuka vizuri. Kwenye migomba hakukuwa na mwanamume hata mmoja. Mzee Bonifasi peke yake ndiye aliyekuwa nyuma yetu na fimbo yake na goti lake, anatoa amri, "Kulia, kulia, taratibu," na hakuna aliyemsikiliza.

Bondeni ndipo palipotisha. Maji yalikuwa yamepanda juu ya njia. Nililala naangalia mbingu, nasikia miguu ikizama na kuchomoka. Katikati, ingobyi ikainama upande wa mbele. Waliokuwa mbele walikuwa wamezama mpaka magotini. Uchungu ukanibana hapo hapo, nikashika mti kwa mikono miwili, nikajua kwamba nikimwagika mle, mambo yangu na ya mtoto yameishia kwenye matete.

Mama mkwe alikuwa mmoja wa waliozama. Uso wake ulikuwa karibu na wangu. Mti haukutoka begani kwake. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tuko jikoni, "Hatukuachi, mwanangu."

Yozefina akaanza wimbo wa kwao, wa kupokezana, mmoja anaita wengine wanajibu. Hata wasiojua maneno walijibu. Wakasimama nao. Mguu mmoja, mguu mwingine, matope yakaachia, tukatoka.

Tulipofika lami walikuwa wamepakaa udongo mpaka kwenye nyusi. Lori likasimama. Dereva akashuka, akaangalia, akasema mgonjwa atampakia, ila hawa wanawake wote kila mmoja alipe nafasi yake.

Wakuu, nilikuwa na uchungu. Lakini bado nilikuwa mimi.

Nikamwambia, "Kaka, mzigo ni mmoja. Mimi. Hawa ni kamba za kufungia mzigo. Umeshawahi kutoza nauli kamba?"

Akanitazama vizuri. "Wewe siyo yule Haipungui wa Nyakanazi?"

Akatupakia wote bure, akaendesha kama amebeba mayai.

Hospitali, nesi aliyetupokea akatazama ule msafara wa matope akauliza wanaume wenu wako wapi. Mama mkwe akajibu, "Wako kazini. Sisi ndio tumekuja."

Sikukaa sana kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji. Dokta alisema tumewahi. Nimeshanunua na kuuza mengi tangu siku hiyo, lakini neno tamu kuliko hilo sijalipata popote: mmewahi.

Nilipozinduka nilisikia mtoto analia. Wa kike. Analia kwa hasira ya mtu aliyecheleweshwa. Nilimshika vidole vya mikono, vya miguu, kisha nikarudia, na kwa mara ya kwanza Yozefina hakunikataza.

Siku ya kurudi, Jeshi la Wajane lilinisubiri pale lami na ingobyi. Nikasema naweza kutembea polepole. Wakasema hawakuniuliza. Ilikuwa Jumapili, na walitaka kupita mbele ya vilabu. Tukapita. Nimevaa kanga mpya, mtoto kifuani, wimbo wa Yozefina juu kabisa. Yule wa suruali alisimama akavua kofia.

Baada yangu walibebwa wale wajawazito wengine wawili, wote siku za kazi, na wote walirudi na watoto. Nilipopata nguvu nikaingia chini ya mti na mimi, na wake wenye waume hai wakaanza kunifuata mmoja mmoja, wakiona wangu bado anakula na kudai chumvi. Na Mzee Bonifasi, alipougua miaka kadhaa baadaye, wanaume wakiwa wamesharudi kutoka makambini na mabega tele, aliagiza abebwe na wanawake. Walipomwuliza sababu akasema hao hawasimami njiani kunywa.

Kwa hiyo, kijana mwenye mke mjamzito, jibu langu ni hili.

Mpeleke kliniki, mlishe vizuri, mwache apumzike, mnunulie ndara pana na kanga laini. Yote hayo ni ya kweli na mimi nilikuwa nayo.

Halafu jiulize: Jumanne saa nne asubuhi, uchungu ukianza, wewe uko kazini, nani yupo? Siyo nani anakupenda, wala nani alichangia harusi. Nani yupo mtaani, ana nguvu, na ameshakubali kwa mdomo wake? Mwenye bodaboda ni nani, mwenye gari ni nani, akisafiri yeye anashika nani? Zunguka uwaulize. Kesho yake zunguka tena. Na usiwapite wale uliozoea kuwapita.

Mama anahitaji watu. Soksi zitapatikana.

Binti yangu naye sasa ni mjamzito, ndiyo maana majibu ya ule uzi yameniwasha. Majirani zake nimeshawakagua.

Haya, wa Ngara, wa Biharamulo, waliowahi kubeba na waliowahi kubebwa, leteni zenu hapa chini. Wa kubisha nao waje, nina muda, na ninyi mnajua jina langu.